Sura ya Saba: Mashine ya Kukatia Kingo

Mwenye nyumba akirudi jioni hakagui katikati ya nyasi. Jicho lake huangukia pale nyasi zinapokutana na njia ya saruji, kwenye vitofali vya pevingi, kuzunguka shina la mwembe na kando ya ukuta. Nyasi zinaweza kuwa zimekatwa jana, lakini ukoka ukiwa umeanza kutambaa juu ya njia, ataona bustani isiyo na mwenyewe. Kingo zikiwa zimenyooka, hata nyasi zilizopitiliza siku chache zitaonekana zina mtu wa kuzitunza. Nimeona mikataba ya bustani ikivunjwa kwa sababu ya kingo. Sijaona uliovunjwa kwa sababu nyasi zilizidi sentimita moja.

Kwa hiyo mashine ya uzi, ile ambayo wengi huiita brashikata hata isipofungwa kisu, ndiyo inayomlisha mtunza bustani. Tatizo ni namna tunavyoinunua. Ukiingia dukani, muuzaji atakuanzia na ukubwa wa injini. Atakuonyesha mashine ya cc 52, yenye usukani kama wa baiskeli, mkanda wa mabegani na kisu cha chuma ndani ya boksi, halafu atakutajia bei iliyo chini ya mashine ndogo iliyotundikwa pembeni. Mtu anaona amepata kikubwa kwa pesa kidogo, analipa. Mashine ile ni halali kabisa kwa kufyeka shamba lililogeuka pori. Kwa kingo, umenunua mateso. Ukingo hautaki nguvu nyingi. Unataka mashine inayogeuka kirahisi mkononi, yenye uzi unaofaa, ambayo mtu anaweza kuibeba tangu asubuhi hadi saa nane bila mkono kuanza kutetemeka. Injini nitaizungumzia pia, lakini baadaye, kwa sababu ndipo mahali pake.

Tuanze na adui mwenyewe. Ukoka hupanuka kwa kutambaa: hutoa vikonyo juu ya udongo na mizizi yenye vifundo chini yake, na kila kifundo kinaweza kuwa mmea mpya. Nyasi za Kikuyu, ambazo asili yake ni nyanda zetu za juu za Afrika Mashariki na leo zimeenea hadi Australia na California, zina tabia hiyohiyo na zaidi, maana vikonyo vyake ni vinene na vina maji. Wakati wa masika vikonyo vinavuka njia kabla hujarudi. Anayekata kingo hakati majani tu, anakata vikonyo hivyo. Jani hukatwa na uzi wowote. Kikonyo kilichokaa wiki tatu na kushika mizizi kwenye ufa wa saruji ni habari nyingine, na hapo ndipo watu wanapoilaumu mashine.

Ndiyo maana ukingo uliopotea haurudishwi kwa uzi. Ukipokea bustani mpya ambayo nyasi zimemeza njia, chukua vigingi viwili na kamba, ivute ikaze, kisha kata kwa sepetu kali iliyosimamishwa wima, ung'oe na kutupa chote kilicho upande wa njia. Kwa kazi kubwa ipo mashine maalumu ya kingo yenye kisu kimoja cha chuma kinachozunguka wima na gurudumu dogo la kuiongoza, nayo hufanya kazi hiyo kwa unadhifu ambao uzi hauwezi. Ukishapata mfereji mwembamba kati ya nyasi na saruji, kazi ya uzi ni kuulinda mfereji huo kila wiki au kila wiki mbili. Mashine ninayoizungumzia katika sura hii ni ya kulinda. Anayeinunua ili ifufue kingo ataishia kwenye cc 52, na bado hataridhika.

Inafaa kujua wazo hili lilikotoka, kwa sababu linaeleza mashine yenyewe. Mwaka 1971, mjini Houston, Texas, George Ballas, aliyewahi kuendesha shule kubwa ya dansi, alikuwa akisumbuka na nyasi zinazoota kwenye mashina ya miti yake, mahali ambapo kisu cha chuma kingejeruhi gome. Akiwa kwenye sehemu ya kuoshea magari, aliangalia brashi za nailoni zikizunguka: zikienda kasi zinanyooka, zikisimama zinalegea. Alirudi nyumbani akatoboa mkebe wa bisi, akapitisha mishipi ya kuvulia samaki kwenye matundu, akaufunga kwenye mashine ya kukatia kingo na kuuzungusha. Kampuni iliyotokana na mkebe ule aliiuza kwa Emerson Electric mwaka 1977.

Alichokigundua Ballas ni kwamba uzi laini ukizungushwa kwa kasi ya kutosha unakuwa na ukali wa kisu. Chukua kichwa kinachokata duara la sentimita 42 na kuzunguka mara 7,000 kwa dakika. Ncha ya uzi inakwenda zaidi ya mita 150 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 540 kwa saa. Kwa kasi hiyo uzi wa milimita 2.4, ambao kipande chake kilicho nje ya kichwa hakifiki hata gramu moja, unajivuta kutoka kwenye kichwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 6. Mvuto huo ndio unaounyoosha. Na kwa kuwa kasi ndiyo inayokata, sehemu ya kazi ni ncha peke yake, sentimita mbili au tatu za mwisho. Anayesukuma kichwa kizima ndani ya nyasi anatumia sehemu ya uzi iliyo polepole, na pia anaupinda na kuukata kwenye tundu unapotokea.

Sasa tugeuze mashine, kwa sababu kukata kingo ni kuigeuza. Unapofyeka, uzi unazunguka sambamba na ardhi. Unapokata ukingo, unailaza mashine ubavuni ili uzi usimame wima na kushuka kwenye mfereji kama gurudumu. Kwa hiyo kitu cha kwanza kukitazama dukani ni mshikio wa mbele. Mshikio wa duara, ule unaozunguka mpini, unakuruhusu kuushika kutoka juu, pembeni au chini bila kubadili msimamo wa mwili. Usukani wa baiskeli umetengenezwa kwa mtu anayeyumba kushoto na kulia akifyeka uwanja mpana, mashine ikining'inia kwenye mkanda. Jaribu kuulaza ubavuni: pembe moja inakuingia tumboni, nyingine inaelekea angani, na mkanda unaivuta mashine irudi ilivyokuwa. Wapo vijana hodari wanaoweza. Waangalie mabega yao saa sita mchana.

Halafu mpini. Upo uliopinda mwishoni na upo ulionyooka. Uliopinda huwa mfupi na mwepesi, ndani yake kuna waya unaonyumbulika unaopeleka mzunguko hadi kwenye kichwa. Kwa mtu mfupi, au kwa kazi ya kuzunguka vitalu vya maua vilivyo karibu karibu, hauna ubaya. Lakini waya ule unataka grisi na huchoka kabla ya sehemu nyingine. Mpini ulionyooka una shafti ya chuma hadi kwenye kiboksi cha gia juu ya kichwa. Ni mrefu zaidi, unaingia chini ya benchi na chini ya maua ya karatasi bila kuinama, na unamwezesha mtu kusimama wima huku macho yakifuata mstari wa ukingo mbele yake. Kwa mtu anayelipwa kwa kazi hii, ushauri wangu hauna kigugumizi: chukua ulionyooka, na umpime nao yule atakayeitumia. Mashine iliyonunuliwa na mwenye kampuni mrefu kwa ajili ya mfanyakazi mfupi ni kosa la kawaida sana.

Kuna tofauti nyingine kati ya mipini hii ambayo wauzaji hawaitaji. Vichwa vya mipini iliyonyooka, kwa sababu ya gia, kwa kawaida huzunguka kinyume na mshale wa saa ukitazama kutoka juu. Vya mipini iliyopinda kwa kawaida huzunguka kufuata mshale wa saa. Jambo hili linaamua udongo utarukia wapi. Injini ikiwa imezimwa, ilaze mashine ubavuni na uzungushe kichwa kwa mkono kufuata mshale uliochorwa kwenye kinga. Angalia uzi unapofika chini kabisa: je, unakuja miguuni kwako au unakwenda mbele? Kwa kichwa kinachozunguka kinyume na saa, ukiilaza ili upande wa kulia wa kichwa uwe chini, uzi unakwenda mbele na kokoto zinaruka mbele. Ukiilaza upande wa pili, zinakurudia kwenye miundi. Jifunze upande wako kabla hujaingia kwa mteja, halafu upange njia yako ya kutembea kufuatana nao, ili udongo uangukie kwenye njia inayofagilika na si kwenye kioo cha gari.

Kuhusu uzi wenyewe kuna upotevu mwingi wa pesa. Watu wanaamini uzi mnene ndio unaodumu, wanafunga milimita 3 au zaidi kwenye mashine ndogo. Uzi mnene unapigana na hewa zaidi, injini inashindwa kufika kasi yake, ncha inapungua mwendo, na badala ya kukata inapigapiga majani mpaka yanabaki na ncha nyeupe zilizochanika. Kwa mashine za cc 25 hadi 30, milimita 2.4 ndiyo saizi ya kazi ya kila siku. Unaweza kupanda hadi 2.7 ukikutana na nyasi za Kikuyu zilizokomaa, mradi kitabu cha mashine kinaruhusu. Kuhusu umbo, uzi wa pembe nne au wa nyota unakata majani kwa ukali kwa sababu una kona, lakini kona hizohizo ndizo zinazoliwa kwanza na saruji. Mtu wa kingo anagusa saruji mchana kutwa. Mpe uzi wa mviringo, au ule uliosokotwa ambao pia hupunguza mlio.

Nailoni ina tabia moja inayowashangaza wengi: hunyonya maji, na ikikauka sana inakakamaa na kukatika ovyo. Bunda lililokaa juu ya bati la stoo kule Dodoma kwa msimu mzima wa kiangazi halifanani na lililofunguliwa jana Tanga. Dawa yake ni rahisi. Liloweke kwenye ndoo ya maji usiku kucha kabla ya kulitumia, na lililobaki lihifadhi mahali pa kivuli.

Kichwa ndicho sehemu ninayoiangalia kwa muda mrefu kuliko zote, kwa sababu ndicho kinachoamua siku ya kazi itakwendaje. Kinachofaa ni kile unachokigonga chini kidogo huku kikizunguka, kikatoa uzi chenyewe, na kiwembe kidogo kwenye kinga kikaukata kwa kipimo. Vipo vipya vinavyojazwa kutoka nje: unapitisha uzi tundu moja hadi la pili, unazungusha kitako, umemaliza. Vya zamani ni lazima uvifungue, uvikongoe na kuvizungushia ndani kwa mkono. Ukivijaza hovyo, mizunguko ikapishana, mtikisiko na joto vitauyeyusha uzi kidogo na kuzigandisha safu pamoja, na hapo utagonga mpaka uchoke bila chochote kutoka. Safu zilale sambamba, zikazwe, na usijaze zaidi ya alama iliyowekwa. Kitako cha kugongea nacho huisha kwa kugongwa kwenye saruji. Mfundishe kijana wako kugonga kwenye nyasi.

Sasa injini. Cc 25 hadi 30 zinatosha kingo zote nilizozitaja. Stihl FS 55, kwa mfano, ina cc 27.2 na uzito wa kilo 5 hivi. FS 250, ambayo ni chombo imara cha kufyekea, ina cc 40.2 na inazidi kilo 6. Tofauti hiyo ya zaidi ya kilo moja haionekani dukani. Inaonekana saa nne baadaye, pale mkono unapoanza kushuka na mfereji wa ukingo kuanza kupinda kama njia ya ng'ombe. Injini nyingi za aina hii huchanganyiwa oili kwenye petroli. Kipimo cha kawaida cha mashine za kisasa ni 50 kwa 1, yaani mililita 20 za oili kwa lita moja ya petroli, na baadhi ya mashine za bei nafuu hutaka 25 kwa 1, mililita 40. Soma kifuniko cha tenki, nunua chupa yenye alama za kipimo, na piga marufuku kukadiria kwa kizibo cha maji. Injini zilizokwama ambazo mafundi hunionyesha, nyingi zilikosa oili au zililishwa mchanganyiko uliokaa miezi. Honda wanatengeneza injini ndogo za mipigo minne, GX25 na GX35, ambazo huwekewa oili peke yake na zimeundwa kufanya kazi hata mashine ikilazwa au kupinduliwa, jambo ambalo kwa mtu wa kingo si dogo. Ni nzito kidogo na bei yake iko juu, lakini timu ambayo kila mara inakosea mchanganyiko itairudisha pesa hiyo.

Za betri zimeshakomaa. Jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 2021 ya kukomesha uuzaji wa injini mpya ndogo za petroli kama hizi, na watengenezaji wakubwa wanaelekeza nguvu zao huko. Kwa hoteli ya Nungwi au Diani ambako wageni wanalala hadi saa tatu, au kwa hospitali na shule, mashine ya betri inakupa saa mbili za kazi za asubuhi ambazo ya petroli isingeruhusiwa. Kwa timu inayozunguka mitaa mitano kwa pikipiki na kurudi kwenye stoo isiyo na umeme wa uhakika, bado ni petroli.

Kuna jambo moja ambalo sitalipitia haraka. Katika miji yetu mashine nyingi utazikuta hazina kinga. Imetolewa siku ya kwanza kwa sababu inashika majani, au kwa sababu kijana anataka duara pana. Kinga ikitoka, kile kiwembe cha kupima uzi nacho kimetoka, uzi unarefuka, na mzigo kwenye injini unapanda kwa kasi kubwa kuliko urefu ulioongezeka. Klachi inaanza kuteleza na kuungua. Huo ni upande wa mashine. Upande wa mtu ni kwamba kila kokoto inayoguswa na ncha ile sasa ina njia ya wazi hadi kwenye macho yake na ya mtoto anayepita nje ya uzio.

Kibaya zaidi ni waya. Nyuzi za nailoni zikiisha, mtu anafunga waya wa chuma au kipande cha kebo ya breki. Chuma kina uzito wa karibu mara saba ya nailoni ya unene uleule, kwa hiyo kinavuta kichwa kwa nguvu mara saba, na kikigusa saruji hakilegei. Kinakatika, na kipande kinatoka kama risasi. Mwaka 2012 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kuuzwa kwa vichwa vya mashine hizi vyenye vipande vya chuma vilivyounganishwa, baada ya kipande kilichoruka kuua mtu. Ukimkuta mfanyakazi wako amefunga waya, msimamishe, halafu jiulize wewe mwajiri kwa nini nyuzi ziliisha stoo. Miwani ya kinga, suruali ndefu, viatu vilivyofunika vidole na kizibo cha masikio viwekwe kwenye bei ya mashine tangu siku ya kuinunua. Mashine hizi za petroli hupiga kelele inayozidi desibeli 90 kwenye sikio la anayeishika, na sikio likishaharibiwa na kelele halitibiki likarudi lilivyokuwa.

Ukishapunguza chaguo hadi mashine mbili, omba ziwashwe. Muuzaji asiyekubali kuwasha mashine mwachie mashine yake. Ikishapata moto, achia resi kabisa: kichwa lazima kisimame huku injini ikiendelea kunguruma. Kikiendelea kuzunguka, mzunguko wa chini haujarekebishwa au klachi ina kasoro. Ilaze ubavuni kwa dakika nzima, upande wa kulia kisha wa kushoto, usikie kama injini inabadili sauti. Shika mshikio wa mbele kwa vidole viwili tu, na uone kama mashine inalala sawa au kichwa kinaanguka chini. Kikianguka, uzito huo utabebwa na kiwiko chako kila siku. Kisha zima, na umwombe akutolee rafuni mbele ya macho yako plagi, kipira cha kuvutia mafuta, kiwambo cha kabureta na kitako cha kichwa. Vile ambavyo hana leo, hatakuwa navyo masika yajayo mashine ikiwa imelala.

Na ununue kichwa cha akiba siku hiyohiyo. Angalia hesi zake zioane na za mashine: vichwa vya mipini iliyonyooka kwa kawaida vina hesi za kushoto, hufunguka kwa kuzungusha kufuata saa, na vipimo vya watengenezaji havifanani. Kijaze uzi jioni, kiweke kwenye mfuko wa mashine pamoja na spana na kile kijiti cha kuzuilia shafti. Kichwa cha kwanza kikiganda katikati ya kazi, utabadilisha kwa dakika mbili ukiwa umesimama hapohapo kwenye ukingo, na cha kwanza utakifungua kwa utulivu wakati wa chai.